Mita 400 na leso kiunoni: kisa cha mwanamke aliyeshindwa na mbio

Mwenzetu huyu alijiunga na kundi letu la mazoezi, ninalolifundisha mimi, mwezi wa kumi na moja, kaskazi ikianza kuvuma. Ana miaka 37, watoto watatu, na duka la vitambaa analosimama mwenyewe tangu saa 3 asubuhi hadi magharibi. Jina silitaji. Kabla ya kuyatoa maandishi haya nilimsomea, akafuta mistari miwili na kuniachia iliyobaki kwa sharti moja: "Yaandike waziwazi, dada. Wenzangu hawatasema."

Kundi letu hukutana Mama Ngina, hapa Mombasa, upande wa baharini, siku tatu kwa wiki, saa 12 asubuhi, watu wakishatoka kwenye swala ya alfajiri. Huwa tunafika kumi na wanne, siku nyingine ishirini, wake kwa waume. Mazoezi ni ya kasi: unafanya kazi kwa nguvu, unapumzika kidogo, unarudia, na wote mnafuata saa moja. Ratiba ya kawaida ni raundi nne, na kila raundi ina mita 400 za mbio, skwati 15 za dambeli (kuchuchumaa na kuinuka na vyuma mikononi), pushapu 10 na kuruka kamba mara 60. Hizo mita 400 tulizipima wenyewe, mita 200 kwenda na 200 kurudi, tukaweka koni. Njia ni tambarare, mibuyu iko kando, na ukiinua macho unaiona feri ya Likoni ikivuka.

Kwenye vyuma alikuwa hodari. Ndani ya wiki sita alitoka dambeli za kilo 5 akafika kilo 10 kila mkono, mgongo umenyooka, bila kuguna. Pushapu alizianza kwa magoti, akafika mahali pa kupiga sita kamili. Zikija mbio, anakuwa mtu mwingine kabisa. Daftari langu la mwezi wa kwanza lina siku moja niliyoiandika yote: mita 400 za kwanza, dakika 2 na sekunde 10, za pili, dakika 3 na sekunde 20, za tatu alitembea zaidi ya nusu, za nne hakwenda, alisema kifundo cha mguu kinamuuma.

Mimi niliona pumzi. Niliandika "anaanza kwa kasi mno, pumzi fupi", na dawa niliyompa ni ile tuliyoizoea makocha wengi, yaani mbio zaidi. Jumamosi nilimwongezea raundi mbili. Akianza kutembea nilimpigia kelele kutoka kwenye koni: "Usitembee! Songa, songa!" Nilidhani ninamtia moyo.

Sehemu ya nilichokiona ilikuwa kweli, na inafaa ielezwe kwa sababu inawahusu wengi. Mita 400 kwa dakika 2 na sekunde 10 ni sawa na kilomita moja kwa dakika 5 na sekunde 25. Huo si mwendo wa mtu mwenye miezi miwili tu ya kukimbia. Ni mwendo wa vijana wetu watatu wa mbele. Misuli ikidai hewa kuliko moyo na mapafu yanavyoweza kuileta, mtu anakopa, na mkopo huo hulipwa kwa kutweta muda mrefu baada ya kusimama. Kwenye mazoezi ya raundi hakuna muda huo. Unafika kwenye skwati bado unahema, unafika kwenye kamba bado unahema, halafu mbio za pili zinakukuta na deni la kwanza mkononi. Kipimo chake ni rahisi. Mtu anayekimbia kwa mwendo unaomfaa anaweza kutaja vituo vya matatu kwa mfululizo, Kongowea, Bombolulu, Bamburi, Shanzu, Mtwapa, bila kukatika. Yeye hakufika Bombolulu.

Kisha kuna joto letu. Jasho linapoza mwili pale tu linapokauka juu ya ngozi. Likidondoka chini limepotea bure. Hewa ya pwani mwezi wa kwanza na wa pili imejaa unyevu hata kabla jua halijapanda, jasho halikauki, na moyo unalazimika kugawa damu: nyingine kwa misuli, nyingine kwa ngozi ili joto litoke. Kwa mwendo uleule, moyo unadunda zaidi. Hapo jirani yetu, kwenye uwanja wa gofu, yalifanyika mashindano ya dunia ya mbio za nyika tarehe 24 Machi 2007. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, ambaye kwa miaka mitano alikuwa hashindwi kwenye mbio hizo, aliacha njiani kwa joto la Mombasa, na ushindi ukaenda kwa Zersenay Tadese wa Eritrea. Huwa nawaambia wanafunzi wangu habari hii kila kaskazi ikifika, maana mtu wa hapa anajiona mvivu kwa kitu kilichowaangusha mabingwa.

Basi nilikuwa na maelezo mawili, mwendo na joto, yote mawili ya kweli. Kwa kuwa yalikuwa ya kweli, sikuuliza tena. Hilo ndilo kosa langu kubwa katika kisa hiki, na ni kosa la kazi: ukweli uliokuwa juu ulinifunika nisiuone uliokuwa chini.

Dalili zilikuwepo. Hakuwahi kuja na chupa ya maji. Alikwenda chooni mara mbili kabla hatujaanza, kila siku, hata kama alikuwa ametoka nyumbani dakika kumi zilizopita. Kwenye kamba alikuwa akiinua kisigino kimoja kimoja badala ya kuruka, na nikimrekebisha anatabasamu tu. Tena alikuwa na leso. Juu ya suruali nyeusi na fulana ndefu alifunga leso kiunoni, fundo la ubavuni, ikimshuka hadi magotini. Nilidhani ni stara ya kawaida ya mtu anayefanya mazoezi mbele ya wanaume, na sikuwa na sababu ya kumuuliza mwanamke wa Kiislamu kwa nini amejisitiri.

Siku yenyewe ilikuwa mwisho wa mwezi wa kwanza. Raundi ya tatu, jua limeshatoka juu ya maji, upepo umekufa. Nilimwona akirudi huku mguu wa kushoto anauburuta. Msuli wa nyuma ulikuwa umemkaza. Alifika kwenye mbuyu akaegemea kwa mkono, akasema anaona giza. Tulimkalisha chini, tukamnyanyua miguu. Midomo ilikuwa mikavu, imepasuka katikati, na ulimi ukimgandia alipojaribu kusema. Nikampa chupa yangu. Akapiga funda moja, akaishika mkononi bila kunywa.

"Kunywa," nikamwambia.

"Nimeshakunywa, kocha."

"Hujanywa. Kunywa yote."

Akatazama walipo wenzake, wakiruka kamba. Akasema kwa sauti ya chini, "Nikinywa ndiyo itakuwa vibaya zaidi."

Niliwaachia wengine wamalize wenyewe. Tulikaa pale mpaka watu wakatawanyika, naye akawa anaifungua na kuifunga ncha ya leso. "Dada, mkojo unanitoka. Nikikimbia unatoka. Nikiruka kamba unatoka. Nikipiga chafya unatoka. Tangu huyu wangu wa mwisho, mwaka wa nne sasa."

Halafu yakaja mengine, moja baada ya jingine, na kila moja likaligeuza jambo nililokuwa nimeliandika kwenye daftari. Haikuwa tu kwamba haji na maji. Alikuwa hanywi kitu tangu baada ya isha. Asubuhi ni kikombe kimoja cha chai ya rangi, basi. Mita 400 za kwanza alizikimbia mbio vile kwa kuwa ndipo kibofu kinapokuwa kitupu kabisa: "Nataka nizimalize kabla haijaanza." Ile kasi niliyoisahihisha kwa miezi miwili na nusu ilikuwa ni mtu anayekimbia asiaibike. Kifundo cha mguu hakikuwahi kumuuma. Na leso ilikuwa ya kuficha alama ya maji kwenye suruali.

Sasa tazama mafundo yalivyofungana. Mkojo unamtoka, kwa hiyo hanywi. Hanywi, kwa hiyo anaingia kwenye joto la kaskazi mwili ukiwa mkavu, damu imepungua maji, moyo unadunda kwa nguvu kwa kazi ndogo, na jasho la kumpoza halitoshi. Mkojo wenyewe, ukiwa mchache na mzito, huweza kukisumbua kibofu na kumfanya mtu ahisi haja mara kwa mara. Na chai ya rangi, iliyo na kafeini, haisaidii. Anahisi haja, anaogopa, anakimbia haraka, pumzi zinakatika mapema, anabaki nyuma, na mimi namwongezea mbio. Kila alichofanya kujilinda kilimpeleka palepale alipopakimbia, na mimi nilikuwa nyuma yake na firimbi.

Niseme wazi jambo lenyewe. Chini ya nyonga kuna misuli inayobeba kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa, imetandwa kama kamba za kitanda. Mimba huilemea miezi tisa, na uzazi wa kawaida, hasa wa mtoto mzito, huivuta na kuilegeza. Kila mguu unapotua wakati wa kukimbia, mwili hupigwa kwa nguvu ya mara mbili au tatu ya uzito wake, na nguvu hiyo hushuka moja kwa moja juu ya misuli hiyo. Mita 400 ni mamia ya mapigo ya namna hiyo. Kikohozi na chafya ni vivyo hivyo, pigo moja moja. Kitanda cha kamba kikilegea, mwenye kukilalia hajakosa adabu. Kinawambwa upya.

Na hapa nina uchungu kidogo. Kwetu mzazi haachwi hivi hivi. Arubaini yake anakandwa kwa maji ya moto, anapikiwa uji, anafungwa mkaja tumbo lirudi. Mwenzetu alifanyiwa yote, mara tatu, na mamake na somo yake, kwa mapenzi. Lakini mkaja unabana tumbo. Misuli ya chini haiikazi. Hakuna aliyemtajia misuli hiyo, wala kule alikojifungulia, wala nyumbani. Alipomgusia shoga yake, aliambiwa ndiyo uzazi huo, zoea. Miaka minne akabadilisha chupi na kutawadha upya kabla ya kila swala, akaamini ndiyo malipo ya kuzaa.

Hatua ya kwanza haikuwa yangu. Alikwenda kwa daktari, nikamsindikiza. Mkojo ulipimwa maambukizi na sukari, vyote havikuwepo. Kiwango cha damu (himoglobini) kilikuwa 11.3, chini kidogo ya 12 ambayo Shirika la Afya Duniani huitumia kama mpaka kwa mwanamke asiye mjamzito, akapewa vidonge vya madini ya chuma na kuambiwa asinywe chai pamoja na chakula, ila aipe muda. Hilo nalo lilikuwa na sehemu yake katika kuishiwa pumzi, maana damu ndiyo ibebayo hewa. Kisha akapelekwa kwa fizio mwanamke, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza.

Mazoezi ya misuli hii si mapya. Arnold Kegel, daktari Mmarekani, aliyaandika mwaka 1948. Unakaza kama mtu anayezuia hewa ya nyuma na mkojo kwa pamoja, unanyanyua kwa ndani, unahesabu, unaachia kabisa. Makalio hayakazwi, mapaja hayabanwi, pumzi haizuiwi. Angalau mara nane, mara tatu kwa siku, si chini ya miezi mitatu. Fizio alimkagua kwanza ahakikishe anakaza kitu sahihi, kwani wako wanaosukuma chini wakidhani wanavuta juu, na wako ambao misuli yao imebana mno, hao wanahitaji kufundishwa kuilegeza. Yeye alijipangia wakati wake: akishatoa salamu ya adhuhuri, ya magharibi na ya isha, hajainuka kwenye msala. Anasema hapo hawezi kusahau. Jambo jingine alilofundishwa lilinigusa mimi kama kocha, nalo ni kushusha pumzi wakati wa kuinua chuma badala ya kuibana. Ile "bila kuguna" niliyoisifu ilikuwa ni pumzi iliyofungwa tumboni ikisukuma chini.

Maji tuliyarudisha polepole, maana hofu haitoki kwa amri. Glasi mbili jioni kabla ya isha, moja akiamka, choo mara moja tu, kisha funda kila raundi. Chai ya rangi ikahamia baada ya mazoezi. Nilimwambia atazame rangi: mkojo wa rangi ya chai ni wa mtu mwenye kiu, wa rangi ya maji ya ndimu ni wa mtu aliyekunywa vya kutosha. Wiki ya kwanza alikunywa kwa kutetemeka. Wiki ya tatu akaniambia ile hali ya kwenda chooni kila mara imepungua, na yeye mwenyewe hakuamini.

Mbio tuliziondoa wiki sita, kamba pia. Badala yake alitembea kwa nguvu, mikono ikifanya kazi, na akapanda na kushuka ngazi. Kisha tukaanza sekunde 30 za mbio na 60 za kutembea, mtindo ambao Jeff Galloway, mkimbiaji wa Olimpiki wa mwaka 1972, aliufundisha watu wa kawaida kule Marekani tangu miaka ya 70. Hatua fupi, nyingi, za kunyata. Nilimwambia asikilize miguu yake: ikisikika imeshapiga kwa nguvu mno. Ramadhani ilituvuruga katikati, tukabaki na kutembea tu jioni karibu na kufuturu, lakini yale ya kwenye msala hayakukatika hata siku moja.

Lililobaki ni kundi, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Chuma kina kilo. Mtu akiona dambeli ya 10 imemzidi anachukua ya 5, hakuna anayegeuka kumtazama. Mbio hazina kilo. Mkitumwa wote mita 400, wa mwisho ataonekana ni wa mwisho, na wenzake watasimama kwenye koni kumpigia makofi ambayo yeye anayasikia kama mazomeo. Kwa hiyo kila mwenye shida anaificha, na namna ya kuificha karibu kila mara inamdhuru.

Tukaacha umbali, tukashika muda. Sasa kila raundi ni dakika tatu: wote wanatoka pamoja, kila mtu kwa mwendo wake, awe anakimbia au anatembea. Sekunde ya 90 napiga firimbi, kila mtu anageuka pale alipo na kurudi. Waliokwenda mbali wana njia ndefu ya kurudi, wa karibu wana fupi, na wote wanafika kwenye koni karibu wakati mmoja. Hakuna wa mwisho. Vijana wa mbele walilalamika siku mbili, kisha wakaanza kushindana na alama zao wenyewe za jana. Mzee wetu mmoja aliyekuwa akikosa siku za mbio kwa visingizio vya kazi, alirudi, kumbe shida ilikuwa goti. Na wanawake wawili, kwa nyakati tofauti, waliniita kando chini ya mibuyu ileile wakanieleza habari nilizokwisha kuzisikia. Wawili, katika kundi la watu ishirini, na mimi nimekuwa nikifundisha miaka saba.

Siku hizi mwanamke akijiunga namuuliza mwenyewe, mbali na watu, kabla hajagusa chuma: umezaa, lini, vipi, na je ukipiga chafya au ukiruka unatokwa? Nauliza kwa sauti ya kawaida, kama ninavyouliza mgongo na goti. Aliyejifungua karibuni simpi mbio. Mwongozo uliotolewa na wataalamu wa fiziotherapia wa Uingereza mwaka 2019 unataka ipite miezi mitatu kwanza, tena awe hana dalili. Mwenye maumivu au damu kwenye mkojo namwelekeza kwa daktari siku hiyohiyo.

Mwenzetu mwenyewe, wiki ya kumi na nne, kusi imeingia na asubuhi zina ubaridi kidogo, alikimbia kilomita moja bila kutembea, dakika 8 na sekunde 40, nikikimbia kando yake. Njia nzima tulikuwa tukizungumza bei ya dera kutoka Dubai. Alipofika alikunywa nusu chupa papo hapo, mbele ya watu. Kutokwa kumebaki pale anapochoka sana, matone tu. Leso bado anaifunga, anasema amezoea, lakini siku hizi fundo liko legelege na mara mbili nimeiona imeachwa juu ya ukuta pamoja na funguo zake.

Kamba hatujaigusa. Fizio amesema tungoje mpaka baada ya Idi ya kuchinja, amkague tena, ndipo tujaribu kumi.